Jinsi ya kuchagua kisu kisichokunjwa kitakachodumu: chuma, mpini na bei

Malalamiko kuhusu visu yanafanana kila mara. Kisu kipya kilikata vizuri wiki ya kwanza, wiki ya pili kikawa hakipiti hata kwenye nyanya. Mpini umeanza kucheza. Kimevunjika pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Kimeota kutu, na muuzaji aliapa kwamba ni stenlesi. Walionunua ghali wanalalamika sawa na walionunua rahisi, kwa sababu wote walichagua kwa mng'aro, uzito na jina lililochorwa kwenye ubapa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia kisu kitaishi muda gani.

Yanayoamua ni haya, na yana mpangilio wake: kazi utakayokifanyia, chuma na namna kilivyotiwa moto, msuka unaoingia ndani ya mpini, kisha mpini wenyewe. Bei huja mwisho. Ukianza na bei, utazunguka soko zima na kurudi na kisu kilekile kilichokuudhi mwaka jana.

Mwongozo huu ni wa kisu cha kazi: cha shamba, cha buchani, cha samaki, cha kambini na cha jikoni. Panga lina mambo yake.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda dukani

- Sumaku ndogo. Ya spika iliyokufa inatosha.
- Rula yenye milimita.
- Simu yenye tochi.
- Karatasi za daftari.
- Kamba ya katani, unene wa kidole cha mwisho, urefu wa mita moja au mbili. Hii ni ya majaribio ya nyumbani.
- Kipande cha mti mkavu au mwanzi.
- Kinoo chenye pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa, namba 400 au karibu na hapo, mwingine wa chembe ndogo, namba 1000.
- Kitambaa kikavu na mafuta kidogo ya nazi.

Pesa ya kinoo itenge kwanza, kabla hujapanga bei ya kisu. Kisu kizuri kisicho na kinoo ni kisu butu ndani ya mwezi mmoja, hata kama kilitoka kwa fundi bora kuliko wote.

## Hatua ya 1: Taja kazi moja kubwa

Kisu kimoja hakiwezi kuchuna ngozi, kupasua kuni na kumenya vitunguu kwa ubora uleule. Taja kazi ambayo kisu kitaifanya siku nyingi zaidi, kisha uache hiyo iamue unene na urefu.

Kwa samaki na jikoni, tafuta ubapa mwembamba, milimita 1.5 hadi 2.5 mgongoni. Kwa kutenganisha nyama na mfupa, urefu wa sentimita 15 hivi na ubapa mwembamba unaopinda kidogo. Kwa shamba, kamba, magome na kazi za kambini, sentimita 10 hadi 12 zinatosha, unene milimita 2.5 hadi 4.

Sababu yake ni kwamba kisu hukata kwa wembamba wa sehemu iliyo nyuma ya makali, hata kabla hujaangalia ukali wenyewe. Kisu cha milimita 5 kinaweza kunyoa nywele za mkono na bado kikapasua kiazi badala ya kukikata. Wanunuzi wengi huchukua kisu kinene wakidhani unene ndio uimara, kisha hutumia nguvu nyingi kukisukuma, na nguvu hiyo ndiyo inayovunja mpini na kukata vidole.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: “Nataka kisu cha kusafishia samaki, cha sentimita 15, chembamba, kisichoogopa chumvi.” Ukiwa na sentensi hiyo, zaidi ya nusu ya visu vya dukani unaviruka bila hata kuvigusa.

## Hatua ya 2: Chagua aina ya chuma

Hapa ndipo pana utajiri wa mambo, na ndipo watu wanapodanganywa zaidi.

Chuma cha kisu ni chuma kilichochanganywa na kaboni. Kaboni ndiyo inayokiwezesha kukazika kwa moto. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Ukiona ubapa umeandikwa INOX, ROSTFREI au STAINLESS, umeambiwa habari ya kutu tu. Habari ya makali hujaambiwa.

Chuma cha kaboni. Aina kama 1075, 1095 na C100. Namba 1095 ina kaboni karibu asilimia 0.95 na haina kromiamu ya kutajika. Kinanoleka kwa urahisi hata kwa kinoo cha bei ndogo, kinashika makali mazuri, na kikitiwa moto vizuri hakivunjiki ovyo. Udhaifu wake ni kutu. Ukikata ndimu au embe bichi na kukiacha mezani, kitakuwa na madoa kabla hujamaliza kula. Madoa ya kijivu na bluu yanayotokana na kazi hayana shida, maana yanakilinda kidogo. Kutu ya rangi ya machungwa ndiyo ya kuondoa mara moja.

Chuma cha springi za gari. Hiki ndicho cha wahunzi wetu wengi. Springi za bapa huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, na zimetengenezwa kuvumilia mshtuko. Kwa shamba na kuchinja sina ugomvi nacho kabisa. Nitakirudia chini.

Stenlesi laini. Namba kama 420 ya kawaida na 3Cr13, kaboni karibu asilimia 0.3. Ndiyo iliyojaa kwenye visu vya rangi rangi na vya seti za zawadi. Haioti kutu haraka, lakini makali yake hulala upesi. Inafaa kisu cha mashuani kinachokata nyavu na kuloa maji ya bahari kutwa. Kwa mchinjaji ni mateso.

Stenlesi ya kazi. Hapa ndipo ningewapeleka wasomaji wengi. X50CrMoV15, ambayo Victorinox hutumia kwenye visu vyake vya buchani, ina kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu karibu 15. 12C27 ya Sweden, inayotumika kwenye visu vya kampuni ya Mora ya hukohuko, ina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu 13.5. 14C28N ni ndugu yake, yenye naitrojeni kidogo iliyoongezwa ili ipambane na kutu vizuri zaidi. 420HC ya Marekani nayo iko kundi hili, na usiichanganye na 420 ya kawaida.

Chuma kigumu zaidi. D2, 440C, VG-10 na vingine vya bei ya juu. Hushika makali muda mrefu, lakini vikishakuwa butu, kinoo cha kawaida kitakutoa jasho. D2 ina kromiamu karibu asilimia 12 na bado hushika kutu, kwa sababu sehemu kubwa ya kromiamu hiyo imefungwa pamoja na kaboni kwenye chembe ngumu ziitwazo kabidi na haibaki huru kulinda chuma. Mtu wa Tanga, Lamu au Unguja alijue hilo kabla hajatoa pesa.

Ushauri wangu ni huu: ukiishi pwani au ukifanya kazi na samaki, stenlesi ya kazi. Ukiishi bara penye ukavu na una tabia ya kufuta kisu kila unapomaliza, kaboni itakupa raha kubwa zaidi. Ukijijua kwamba huacha vyombo kwenye beseni hadi kesho yake, usinunue kaboni.

Tahadhari: kisu kisichotaja aina ya chuma popote, si kwenye ubapa, si kwenye boksi, kihesabu kuwa stenlesi laini na ukilipie kwa bei hiyo. Na ubapa wenye michoro ya mawimbi unaouzwa rahisi, mara nyingi michoro hiyo imechorwa juu kwa asidi au mashine. Haiongezi chochote kwenye makali.

## Hatua ya 3: Kagua kama chuma kilitiwa moto inavyotakiwa

Chuma kizuri kilichotiwa moto vibaya ni kibaya kuliko chuma cha kawaida kilichotiwa moto vizuri. Ubapa hupashwa hadi uwe mwekundu, huzimwa ghafla ili ukaze, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo ili usiwe mkavu wa kuvunjika. Ukikosa hatua ya pili ni laini. Ukikosa ya tatu utakatika kama kigae.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, huandikwa HRC. Visu vya buchani huwa 55 hadi 57, makusudi, ili mchinjaji arudishe makali kwa kupitisha kisu kwenye chuma cha kunolea mara chache. Visu vya kambini na shamba huwa 57 hadi 60. Chini ya 54 utanoa kila siku. Juu ya 61, kwa mtu anayegonga mifupa na mafundo ya mti, makali yatamegeka.

Duka halina mashine ya kupimia, lakini una vitu hivi vinne:

1. Sumaku. Iguse kwenye ubapa. Isiposhika kabisa, hicho ni chuma cha masufuria na vijiko, kisichokazika kwa moto. Kirudishe. Ikishika, usishangilie bado, maana hata msumari unashika sumaku.

2. Rangi ya makali. Washa tochi ya simu na uangalie makali kutoka mwanzo hadi ncha. Ukiona utando wa bluu au zambarau karibu na makali, kisu kiliungua wakati wa kusagwa. Rangi ya bluu hutokea chuma kinapofika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na visu vingi hulainishwa kwa nyuzi 180 hadi 230 tu. Sehemu hiyo imepoteza ugumu na haitarudi kwa kunoa.

3. Unyoofu. Shika kisu mbele ya jicho kama mtu anayelenga, uangalie mgongo kisha makali. Ubapa uliopinda mara nyingi ulipinda wakati wa kuzimwa, na fundi hakujali.

4. Kupinda na kurudi. Kwa ubapa mwembamba tu, na kwa ruhusa ya muuzaji. Weka ncha kwenye ubao, sukuma taratibu hadi upinde kidogo, achia. Ukirudi ukanyooka, ni dalili nzuri. Ukibaki umepinda, ni laini.

Tahadhari: muuzaji akikukatia karatasi hewani, amekuonyesha kwamba kisu kimenolewa. Hata bati linaweza kunolewa likakata karatasi mara moja. Jaribio la kweli ni la hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Fuata msuka hadi mwisho wake

Visu vingi vilivyokufa mapema vilifia hapa. Msuka ni ile sehemu ya ubapa inayoingia ndani ya mpini, na ndiyo inayobeba nguvu zote za mkono wako.

Msuka wa upana wote huonekana kama mstari wa chuma uliobanwa kati ya vipande viwili vya mpini, kuanzia mbele hadi nyuma. Ndio imara kuliko yote, na mpini ukipasuka, fundi yeyote anaweza kuubadilisha.

Msuka mwembamba uliojificha unaweza kuwa mzuri au mbaya kabisa, na kwa macho huwezi kutofautisha. Visu vya Mora Companion vina msuka unaoishia kabla ya mwisho wa mpini, na bado vinafanya kazi za kukata kwa miaka, kwa sababu mpini wa plastiki umemiminwa moja kwa moja juu ya chuma. Visivyofaa ni vile ambavyo msuka ni msumari wa sentimita tatu uliogandishwa kwa gundi ndani ya mti uliotobolewa.

Kujaribu: shika ubapa kwa kitambaa, karibu na mpini, kisha utikise mpini kushoto na kulia kwa nguvu ya kawaida. Gonga kitako cha mpini kwa kidole na usikilize. Mlio mmoja mkavu ni mzuri. Mlio wa kitu kinachocheza ndani, hata kidogo, rudisha kisu. Angalia pia pale ubapa unapokutana na mpini. Pembe kali ya mraba iliyokatwa kwenye chuma mahali hapo ndipo ufa huanzia; pembe iliyoviringwa kidogo hugawanya nguvu. Kama kuna noleo, yaani pete ya chuma inayozunguka mpini hapo, liwe limebana bila mwanya.

Utajua umefaulu ukiona msuka kwa macho yako, au ukiwa na uhakika kwamba mtengenezaji ni wa kuaminika na mpini umemiminwa juu ya chuma. Kati ya hayo mawili hakuna la tatu.

## Hatua ya 5: Mpini unaoshikika ukiwa umeloa

Ulowanishe mkono kabla ya kushika kisu. Dukani kila mpini hushikika, kwa sababu mkono ni mkavu. Damu, mafuta ya samaki na jasho ndivyo vinavyofichua mpini mbaya.

Plastiki ngumu yenye mikwaruzo midogo, au yenye mpira juu yake, ndiyo salama zaidi kwa bucha na samaki. Haina nyufa za kuficha uchafu na huoshwa kwa maji ya moto.

Mti ni mzuri mkononi, lakini uchague. Mninga hausinyai sana ukikauka, ndiyo maana mafundi huupenda. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, ila ukitumika kabla haujakauka sawasawa hupasuka. Mti laini uliopakwa vanishi nene ya kung'aa uepuke: vanishi huvimba na kubanduka, na chini yake maji yanakaa juu ya msuka.

Pembe na mfupa ni mapambo. Ngozi iliyofumwa kwenye mpini huota ukungu pwani. Mpini wa chuma kitupu huteleza.

Hesabu ribiti, yaani pini za chuma zinazobana mpini kwenye msuka: mbili ni za lazima kwa msuka wa upana wote, tatu ni bora. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama, mpini haujalingana na ribiti na maji yataingia hapo. Mwisho, kama kisu ni cha kuchoma kwa ncha au cha kazi yenye utelezi, kiwe na kizuizi kidogo mbele ya mpini ili mkono usiteleze hadi kwenye makali. Hilo si pambo.

## Ukinunua kwa mhunzi

Kisu cha fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, kinaweza kushinda cha dukani kwa ubora na kwa bei ndogo, mradi umuulize maswali sahihi.

Uliza chuma kimetoka wapi. Springi ya bapa na msumeno wa mbao ni majibu mazuri. Nondo ni jibu baya, maana kaboni yake kwa kawaida haitoshi kukazika. Kama ni springi, mwambie asitumie kipande kilichovunjikia garini karibu na pale kilipovunjikia, kwa kuwa nyufa ndogo hujificha humo.

Uliza amekizimaje. Mafuta ndiyo jibu unalolitaka kwa springi. Maji humfanya mhunzi ajigambe kwa ugumu, lakini mara nyingi huleta ufa. Kisha uliza kama alikipasha tena baada ya kukizima. Fundi anayejua kazi atakueleza bila kusita, na anastahili alipwe zaidi ya yule wa kando yake.

Mwombe akupitishie tupa kwenye makali kabla hajayamalizia. Tupa ikiteleza, au ikiuma kidogo tu, chuma kimekaza. Ikikata kama inakata msumari, bado ni laini.

## Hatua ya 6: Sasa zungumzia bei

Gawanya bei kwa muda. Tuseme kisu cha shilingi 5,000 hufa kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka umetoa 15,000, na kwa miaka sita 90,000. Kisu cha 30,000 kinachofika miaka hiyo sita kimekugharimu theluthi moja, na hukukwama katikati ya kazi hata siku moja.

Lakini hesabu hiyo ina ukomo. Kutoka kisu kibovu hadi kisu cha stenlesi ya kazi chenye mpini wa maana, kila shilingi unayoongeza unaiona mkononi. Mora Companion huuzwa Marekani na Ulaya kwa takriban dola 15 hadi 25, na kwa kazi za kukata ni kipimo kizuri cha bei ya haki. Ukivuka dola 100, unalipia chuma adimu, umaliziaji na jina. Visu vya dola 200 vipo na vingine ni bora kweli, ila mkulima au mchinjaji hatapata kazi mara kumi zaidi.

Tahadhari: kisu chenye jina kubwa kinachouzwa nusu ya bei barabarani mara nyingi ni cha kuigiza. Maandishi yaliyopinda, boksi lisilo na namba ya chuma na ala iliyoshonwa ovyo hukifichua.

## Hatua ya 7: Majaribio ya wiki ya kwanza

Fanya haya wakati muuzaji bado anakukumbuka na risiti ipo.

Kwanza kinoe mwenyewe. Makali ya kiwandani wakati mwingine yameungua kidogo kwa juu, na baada ya kunoa mara mbili au tatu hufika kwenye chuma chenye afya. Shika pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande.

Kata karatasi. Kisha weka kamba ya katani juu ya ubao na uikate mikato hamsini, ukisukuma bila kugonga. Rudi kwenye karatasi. Kisu kizuri bado kitaikata, hata kama kwa sauti ya kukwaruza. Kilicho laini kitakuwa kimeanza kuteleza juu ya kamba kabla ya kufika mwisho.

Chonga mti mkavu au mwanzi kwa dakika chache, kisha washa tochi na uelekeze makali juu. Makali mazima hayaonekani. Ukiona nukta zinazometa, yamelala: chuma ni laini au pembe ya kunoa ni nyembamba mno. Ukiona mapengo ya nusu mwezi, yamemegeka: chuma ni kikavu. Ongeza pembe kidogo, noa upya, rudia. Yakimegeka tena, rudisha kisu.

## Vinavyoua kisu kizuri nyumbani

Kupekulia mkaa jikoni. Kuchomea manyoya ya kichwa cha mbuzi kwa kisu kilichopashwa moto. Hivyo viwili huharibu ugumu mara moja na hakuna kinoo kitakachourudisha.

Kubandulia nyama ya nazi kwa ncha, au kufungulia makopo. Ncha imetengenezwa kukata, na ikipindishwa pembeni huvunjika.

Kukatia juu ya vigae, kioo au sahani. Tumia ubao wa mti au wa plastiki.

Kumpa mnoaji wa baiskeli asiye na maji. Jiwe lake linazunguka kasi, na makali membamba huwa ya bluu kwa sekunde chache. Kama huna njia nyingine, mwombe aguse kidogo kidogo na achovye kisu kwenye maji kila baada ya mguso. Akikataa, kichukue kisu chako.

Kukihifadhi ndani ya ala ya ngozi kikiwa kimeloa, hasa pwani. Kioshe, kifute, kipake mafuta ya nazi kiasi cha kung'aa tu, na kiache nje ya ala usiku huo. Pale ubapa unapokutana na mpini, pitisha kitambaa mara mbili, kwa sababu chumvi hujikusanya hapo na kutoboa hata stenlesi.